Kadi ya CPS ya ubongo: wazi kwa nani?

Kila mama wa Murara anaijua kadi ya CPS. Mtoto anawekwa kwenye mizani, muuguzi anatia alama ndogo karibu na ule mstari unaopanda, kisha anasema kama mtoto yuko njiani ama ameanza kushuka. Sijawahi kusikia mama akiuliza ule mstari ulichorwa na nani na kwa kupima watoto wa wapi. Na juu gani aulize? Kadi iko mkononi mwake, ni ya bure, basi.

Mwezi wa nne 2022 gazeti la sayansi Nature lilitoa kadi ya namna ile ile, lakini ya ubongo. Richard Bethlehem wa Cambridge na Jakob Seidlitz wa Pennsylvania, pamoja na wenzao wengi sana, walikusanya picha 123,984 za IRM (njo ile wenzetu wa Nairobi na Dar wanaita MRI) za watu 101,457, kuanzia mtoto wa siku 115 ndani ya mimba mpaka mzee wa miaka 100. Data ilitoka katika tafiti zaidi ya 100. Wakachora mistari: sehemu ya kijivu ya ubongo inakua vipi, sehemu nyeupe inakua vipi, maji ya ndani yanaongezeka lini. Sehemu ya kijivu ya juu inafika kileleni karibu na miaka 6. Ile nyeupe inaendelea kuongezeka mpaka karibu miaka 29, kwa hiyo wengi wetu hapa kwenye ukurasa huu bado tuko tunapanda, tuvumiliane. Programu waliyotumia wameiweka wazi, na wametengeneza tovuti ambapo mtafiti anaingiza vipimo vyake na kuona vinaangukia wapi kwenye mstari.

Kazi hii nimeisoma mara mbili. Ni kazi kubwa, na mtu wa kuidharau hajawahi kujaribu kuunganisha hata data za mashamba mawili. Lakini mtu wa agronomia akiletewa mbegu mpya haulizi kwanza kama ni ya bure. Anauliza ilijaribiwa kwenye udongo gani. Kwa swali hilo, ile kadi ya ubongo inajibu vibaya, na neno "wazi" lililoandikwa juu yake linatufanya tusahau kuuliza.

Tueleweshane kwanza juu ya kupima, maana wengi wanadhani IRM ni picha tu. Picha ya kawaida ya IRM ni weupe na weusi usio na kipimo. Ubongo mmoja, mashini mbili, utapata kijivu cha namna mbili. Daktari anaangalia kwa jicho, analinganisha sehemu moja na nyingine, anasema: hapa kuna kitu. Ni kama mkulima anayeangalia jani la mahindi na kusema limekuwa manjano, nitrojeni imekosekana. Mara nyingi yuko na haki. Lakini huwezi kuandika "manjano kidogo" kwenye jedwali na kulinganisha Rutshuru na Masisi. IRM ya kupima inatafuta namba yenye kipimo chake: ujazo wa sehemu fulani kwa milimita za ujazo, ama muda ambao maji ya ndani ya tishu yanachukua kurudi kwenye utulivu wake baada ya kusukumwa na mawimbi ya redio, muda unaoitwa T1, unaohesabiwa kwa milisekunde.

Hata hiyo namba haiko safi vile inavyoonekana. T1 ya sehemu nyeupe ya ubongo kwenye sumaku ya tesla 1.5 ni karibu milisekunde 600. Kwenye sumaku ya tesla 3 inapita 800. Ubongo haujabadilika, ni sumaku. Waliopita labo ya udongo wanajua hadithi hii: fosforasi ya udongo mmoja ukiipima kwa njia ya Bray unapata namba moja, kwa njia ya Olsen nyingine, na mtu akikupa namba bila kusema njia amekupa kelele. Kwa hiyo kila namba ya ubongo inakuja na mashini yake, programu yake, na kundi la watu ambalo linaitwa "kawaida". Hicho cha tatu njo shida yangu.

Waandishi wenyewe wameandika, bila kuficha, kwamba data yao imeegemea sana watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini haikuanzia kwao. Atlasi ya Talairach ya mwaka wa 1988, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ramani ya kutajia mahali kwenye ubongo, ilitoka kwenye ubongo wa mtu mmoja, mama mmoja Mfaransa wa miaka 60. Kisha ikaja ramani ya Montreal, MNI152, wastani wa vijana 152. Mpaka leo, ukifungua programu kubwa za bure kama FSL ya Oxford ama SPM ya London, ubongo wako unavutwa na kunyooshwa mpaka ukae kwenye ramani hiyo. Kwa kazi nyingi kunyooshwa huko hakuharibu kitu. Kwa mtoto mchanga mwenye ugonjwa ambao haukuwemo kabisa kwenye ile wastani, sina uhakika huo.

Kadi ya CPS yenyewe ilipita njia hii. Mistari ya zamani, ile ya 1977, ilichorwa kwa watoto wa Marekani, na sehemu ya watoto wachanga ilitegemea watoto wa Ohio ambao wengi walikunywa maziwa ya chupa. Mtoto anayenyonyeshwa haongezi kilo kwa mwendo ule ule, kwa hiyo baada ya miezi michache alionekana kama anashuka, na mama akaambiwa aongeze chakula wakati mtoto alikuwa mzima. Mwaka wa 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa mistari mipya, iliyotoka kwa watoto kama 8,500 wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, waliochaguliwa makusudi kwa sababu walinyonyeshwa na kuishi katika hali nzuri. Hawakungoja data ijikusanye. Walikwenda kuitafuta mahali isipokuwa. Kadi ya ubongo ya 2022 bado iko kwenye mwaka wake wa 1977, tena ikiwa na hesabu nzuri zaidi.

Mtu atasema: siye huku tuko na vita, tuko na kolera, uwanja wa ndege ulifungwa Januari 2025, wewe unatuletea mistari ya ubongo. Nakubali swali. Jibu langu liko Uganda, na lingine liko Kwango.

Uganda kwanza. Mbale kuna hospitali ya watoto ya CURE, ambayo inajulikana duniani kwa watoto wenye vichwa vikubwa, yaani maji yanayojaa ndani ya ubongo. Wengi wa watoto hao wameupata ugonjwa baada ya maambukizo katika wiki za kwanza za maisha. Kuna njia mbili za kuwasaidia: kuweka mrija unaopeleka maji tumboni, ama kufungua njia ya ndani kwa kifaa cha kuchungulia, namna ambayo Benjamin Warf aliiendeleza hapo Mbale. Ipi ni bora? Watoto 100 waligawanywa kwa bahati nasibu, na matokeo yalitoka Desemba 2017. Kwa akili ya mtoto baada ya miezi 12, hawakuona tofauti kubwa kati ya njia hizo mbili. Kilichovutia macho yangu ni kipimo. Pamoja na kumcheki mtoto anavyofikiri na kucheza, walipima ujazo wa ubongo wenyewe, kwa skaneri. Zamani mtu aliangalia maji: yamepungua? Basi amepona. Sasa swali ni kama ubongo unakua. Na kusema "unakua" maana yake unalinganisha na mstari wa watoto wazima. Wazima wa wapi? Waliozaliwa wapi, waliokula nini, waliopimwa kwa mashini gani?

Tena skaneri inatumia mionzi, na mtoto wa kufuatiliwa miaka miwili hawezi kupigwa mionzi kila mwezi kama mtu anayepima mvua. IRM haina mionzi hiyo. Lakini IRM kubwa inataka heliamu, umeme usiokatika, fundi wa karibu, na feza ambazo hospitali ya wilaya haitaziona. Ndugu zetu wa Goma wakiandikiwa IRM wanaanza kuhesabu nauli ya Kigali.

Sasa Kwango, na hapa naongea kama mtu wa mashamba. Konzo ni ugonjwa unaoletwa na muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri, kwa watu ambao hawapati protini ya kutosha. Sianidi inabaki kwenye unga, na siku moja, ghafla, mtoto ama mama anashindwa kunyoosha miguu, na hairudi tena. Daktari Trolli aliuandika mwaka wa 1938, na jina limetoka kwa Wayaka. Msifikiri ni mambo ya mbali: mwaka wa 2011 watafiti walitangaza konzo huku Kivu ya Kusini, Burhinyi. Katika Kahemba, timu ya Michael Boivin na Désiré Tshala-Katumbay ilionyesha mwaka wa 2013 jambo linaloumiza zaidi: hata watoto wa familia hizo ambao miguu yao ni mizima walipata alama za chini kwenye majaribio ya akili, ukiwalinganisha na watoto wa nje. Yaani sumu inafanya kazi mbele ya kuonekana.

Huo njo mfano kamili wa mahali ambapo jicho halitoshi. Picha ya kawaida ya mgonjwa wa konzo mara nyingi haionyeshi kitu. Kama kuna alama ndogo, itaonekana kwa namba, na namba itasema kitu ikiwa tu tuko na watoto wazima wa Kwango ama wa Kivu wa kulinganisha nao. Ukichukua mtoto wa Kahemba ukamweka kwenye mstari uliochorwa kwa watoto wa Philadelphia na Cambridge, akaangukia chini, umejua nini? Ni sianidi? Ni malaria? Ni njaa? Ni mashini? Huwezi kutenganisha. Njia ya kuondoa sianidi ipo, na haina gharama: unalowesha unga, unauanika kama tabaka jembamba, masaa 2 juani ama 5 kivulini, sumu inaruka. Howard Bradbury wa Australia aliitangaza, na wamama wa Bandundu waliitumia. Lakini kumshawishi waziri kwamba muhogo unagusa ubongo wa watoto wanaotembea vizuri, hapo unahitaji kipimo anachoweza kukiona kwenye karatasi.

Nikirudi kwenye hilo "wazi", tuliangalie kutoka hapa mtaani. FreeSurfer, programu ya Boston inayokata ubongo vipande na kuvipima, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Inataka Linux ama Mac, na kazi yake kamili kwa ubongo mmoja inachukua masaa. Umeme ukikatika katikati, unafikiri mwenyewe. SPM ni ya bure, lakini inaendeshwa ndani ya MATLAB ambayo ni ya kulipa. Kuna toleo linalojitegemea, ila ukilisoma utagundua wengi wanaandika mafunzo yao wakidhani uko na MATLAB. Benki ya data ya Uingereza, UK Biobank, unaomba, na kuna ada, japo wa inchi maskini wanapunguziwa. OpenNeuro ya Stanford iko wazi kweli, unashusha bila kuomba mtu, kama uko na mega za kushusha. Sisemi hayo kwa kulalamika. Sentinel na Landsat pia ni za bure, na tumejifunza kufanya nazo kazi kwa simu na konexio ya usiku. Ila kushusha ubongo wa watu wengine bure hakujatufanya tuweze kupima wa kwetu.

Ndiyo maana kazi niliyoipenda kuliko zote haikutoka kwenye mistari. Ilitoka Mbarara. Septemba 2022, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, timu ya Johnes Obungoloch pamoja na watu wa Leiden na Delft, Uholanzi, na kundi la Steven Schiff, walifungua masanduku ya vipande wakajenga IRM nzima papo hapo. Kuanzia kupanga vipande mpaka picha ya kwanza zilipita siku 11. Sumaku yake ni milítesla 50 hivi, mara 60 chini ya ile ya tesla 3, imetengenezwa kwa vipande vya sumaku ya kudumu vilivyopangwa kwa duara, haitaki heliamu. Michoro yake imewekwa wazi ili mwingine ajenge. Lengo lao la kwanza? Wale watoto wenye vichwa vikubwa.

Hapo neno "wazi" limebeba mzigo. Mtu wa Mbarara akiharibikiwa na kipande, anajua kiko wapi kwa sababu alikifunga yeye. Ukosoaji wangu kwa kazi ile ni mmoja: picha ya siku ya 11 ni ya kushangilia, lakini mashini inahukumiwa mwaka wa tatu. Na picha zake ni za ukungu. Siku hizi kuna programu za akili bandia zinazosafisha picha ya ukungu na kuifanya ionekane kama ya mashini kubwa. Nazitazama kwa jicho la pembeni. Programu imejifunza ubongo "mzuri" kutoka kwenye data zile zile za Ulaya na Marekani; ikikutana na mtoto ambaye ubongo wake umevunjwa na maambukizo, inaweza kuchora ukuta ambao haupo, kwa sababu kwingine kote ukuta ulikuwepo. Picha mbaya inayosema ukweli wake ni bora, kwa mganga wa upasuaji, kuliko picha nzuri inayokisia.

Nigeria walichukua njia nyingine, na ni vizuri kuitaja. Shindano kubwa la kimataifa la kupima uvimbe wa ubongo, BraTS, lilikwenda miaka mingi bila data ya Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka wa 2023 kundi ambalo ndani yake yuko Udunna Anazodo liliingiza picha za wagonjwa wa Nigeria, na picha hizo zikawekwa wazi. Walisema wazi juu gani: mashini zetu zinatoa picha hafifu zaidi, na wagonjwa wetu wanafika wakiwa wamechelewa, uvimbe ukiwa mkubwa. Hawakusubiri kuwa na picha nzuri ndipo wazitoe. Walitoa zile zile za ukungu, wakaambia dunia: programu yenu ijaribuni hapa.

Najua mtakachoniuliza kwenye maoni, maana kila mara tunakiuliza: tutoe data zetu bure, halafu kampuni iuze programu, siye tubaki na nini? Si swali la kijinga. Data iliyowekwa chini ya ruhusa ya "fanya upendavyo" inachukuliwa na yeyote. Tena kichwa cha mtu si gunia la mahindi: mwaka wa 2019 watafiti wa Mayo walichukua picha za IRM za watu 84, wakatengeneza sura kutoka kwenye picha hizo, na programu ya kutambua nyuso ikawatambua 70 kwa kulinganisha na foto zao. Kwa hiyo uso lazima ufutwe kwenye data mbele ya kuitoa, na programu za kuufuta zipo, nazo ni za bure. Sheria pia ipo, Kode ya numeriki ya Machi 2023 inagusa data za mtu binafsi. Kwa upande wa mbegu na mimea dunia ilishakubaliana Nagoya mwaka wa 2010 kwamba anayechukua agawane faida na alikochukua. Kwa ubongo bado. Maoni yangu: tutoe, lakini kwa masharti yaliyoandikwa, na nakala ya kwanza ibaki kwenye mashini yetu. Kufungia kabatini hakujamlinda mgonjwa yeyote.

Na kabati tunalijua. Tuko wangapi hapa tuliochimba udongo, tukapima, tukaandika TFC, ikafungwa kwa jalada la bluu, ikawekwa kwenye maktaba ya chuo ambapo panya tu ndio wanaoisoma? Jedwali la namba halikuwekwa popote. Kisha tunafungua SoilGrids, ramani ya bure ya dunia nzima kwa viraka vya mita 250, na inatupa pH ya shamba lililo chini ya Nyiragongo bila kusita, wakati mtu aliyekanyaga hapa anajua kwamba ndani ya mita 250 unaweza kupita udongo mzito wa zamani, majivu, na lava ya 2002 ambayo hata muhogo haujaikubali. Ramani haidanganyi kwa makusudi. Inajaza shimo kwa kile ilichoonyeshwa mahali pengine. Namba za kuijaza vizuri ziko kwenye yale majalada ya bluu. Kwa hiyo mtu wa Goma akisema mistari ya Cambridge imetusahau, na aseme, lakini aseme pia nani alikuwa na namba na hakuzitoa.

Kuna kazi moja kwenye mambo haya ambayo haihitaji kuwa daktari. Mashini ya kupima inahitaji chupa ya kulinganishia, kitu ambacho T1 yake inajulikana, kinachopigwa picha kila wiki ili kuona kama mashini imeteleza. Ni sampuli ya rejea, ile tunayopitisha labo baada ya kila kundi la udongo. Zile za viwandani ni za bei kali. Ndani yake mara nyingi mna maji yenye chumvi ya manganizi ama ya nikeli, kwa vipimo tofauti kila chupa. Labo nyingi za udongo ziko na manganizi hiyo kwenye rafu, na mizani ya kuipimia. Mwenye kuwa na mtu Mbarara aniandikie.